Mustang ya Mwaka 1965: Nani Ana Haki ya Kuigusa?

MHIFADHI: Hoja yangu ni fupi. Ford Mustang ya mwaka 1965 ni ushahidi, na ushahidi hauchezewi. Gari hili lilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 kwenye Maonyesho ya Dunia mjini New York, kwa bei ya kuanzia dola 2,368, na katika miezi 12 ya kwanza yaliuzwa zaidi ya laki nne. Ukitaka kujua Wamarekani wa siku zile walitamani nini, walivumilia nini na mafundi wao walikuwa wa namna gani, fungua boneti. Jinsi waya zilivyofungwa, rangi ya nati, alama ya chaki aliyoiacha mkaguzi wa kiwandani, vyote vinasema. Anayeng'oa injini hiyo akatia mpya amechana ukurasa ambao hautachapwa tena. Mwenye gari la kale kazi yake ni kulirudisha lilivyotoka kiwandani, na pale ambapo halijaharibika, asiliguse.

FUNDI: Mzee wangu, nakuheshimu, ila gari halikuundwa liwe ushahidi. Liliundwa limpeleke mtu kazini Jumatatu na ufukweni Jumamosi. Likiacha kutembea, ulichobaki nacho ni umbo. Mimi ninayo ya mwaka huohuo kwenye gereji ya nyumbani. Breki za mbele nimetia za diski, mkanda wa kiti nimetia ule unaopita begani, na ndani ya distribyuta nimeondoa pointi nikaweka kifaa cha elektroniki. Asubuhi ya baridi inawaka bila kubembelezwa, na wanangu wanapanda. Kama hilo ni kosa, basi hata aliyelinunua jipya akaliendesha mvuani alikosa.

MHIFADHI: Kuliendesha si kosa. Kosa ni kulifanya gari jingine, kisha ukaendelea kuliita kwa jina lilelile.

FUNDI: Na kulifungia je? Juni 1957 watu wa Tulsa, jimbo la Oklahoma, walichukua Plymouth Belvedere mpya kabisa, wakaipaka dawa ya kuzuia kutu, wakaifunga gubigubi na kuizika ndani ya sanduku la zege mbele ya jumba la mahakama. Ilikuwa ifukuliwe baada ya miaka 50, iwe zawadi ya atakayekisia vizuri zaidi idadi ya wakazi wa mji mwaka huo. Hakuna fundi aliyeigusa, hakuna katalogi ya vipuri iliyoikaribia. Juni 2007 wakafunua. Maji yalikuwa yamejaa ndani ya zege na gari limeliwa na kutu kiasi kwamba halikuwa la kuwashwa tena. Belvedere za umri huo zilizokuwa zikitumiwa na watu bado ziko barabarani.

MHIFADHI: Yale yalikuwa mazishi, na mimi sijamwambia mtu azike gari. Kuhifadhi kuna kazi yake. Hewa iwe kavu. Mafuta ya breki yabadilishwe kwa wakati, maana yanavuta unyevu na kuozesha mabomba kwa ndani. Injini ikiwashwa iachwe ipate moto sawasawa, si dakika mbili kisha izimwe na mvuke ubaki ndani. Nami nikupe mfano wangu. Ile Mustang ya kijani aliyoiendesha Steve McQueen katika filamu ya Bullitt ya mwaka 1968 iliuzwa mnadani Januari 2020 kwa dola milioni 3.74. Haikuwa imepakwa rangi upya. Ilifika na kutu yake, rangi imefifia, viti vimechoka. Angalikuwa nayo mtu wa tabia yako, angaliipiga msasa zamani, na leo ingekuwa Mustang ya kijani kama nyingine elfu.

FUNDI: Mfano mzuri, na nauchukua mimi. Familia moja iliinunua mwaka 1974 kwa dola 6,000, na mama wa nyumba hiyo alikuwa akienda nayo kufundisha shule. Ilikuwa gari la kazi mpaka klachi ikafa. Tena kabla ya hapo watu wa sinema walikwisha kuigeuza. Waliimarisha springi na shokomzoba, wakaishughulikia injini ili ihimili ile mishuko ya barabara za San Francisco. Asili unayoililia ni ipi hapo? Kama ni ya kiwandani, gari hilo si la asili. Kama ni ya maisha liliyoishi, basi na langu lina maisha yake.

MHIFADHI: Kila badiliko kwenye gari lile lina tarehe na sababu inayojulikana. Lako lina sababu gani zaidi ya katalogi kuja na punguzo la bei?

FUNDI: Nitakujibu kwa gari lingine. Kuna Chevrolet Impala ya mwaka 1964 inayoitwa Gypsy Rose, ya Wachikano, Wamarekani wenye asili ya Mexico, wa East Los Angeles. Imechorwa mawaridi bodi nzima, imetiwa pampu za kuinua na kushusha magurudumu, ndani ina viti vya mahameli. Hakuna kiwanda kilichotoa kitu kama hicho. Mwaka 2017 ikaingizwa katika rejista ya kitaifa ya magari ya kihistoria, ikawekwa ndani ya chumba cha vioo kwenye uwanja wa National Mall, Washington. Serikali ya California ilikuwa imewapa manispaa zake ruhusa ya kuwazuia watu hao wasitembeze magari yao taratibu mitaani, hadi sheria mpya ilipoanza tarehe 1 Januari 2024 na kuwaondolea vikwazo hivyo. Watu walisumbuliwa na polisi kwa ajili ya magari waliyoyageuza kwa mikono yao, na leo magari hayohayo ndiyo historia.

MHIFADHI: Sawa. Ila ile ni sanaa ya jamii nzima, ina mabwana zake na wanafunzi wao. Usijifunike kwa heshima ya watu wale ukiwa umenunua breki za diski kwenye boksi.

JIRANI: Samahani ndugu zangu, mnabishana kana kwamba gari liko kisiwani. Mimi naishi upande wa pili wa uzio. Sijui pointi wala mawaridi. Ninachokijua ni kwamba Jumamosi alfajiri kuna kitu kinanguruma dakika 20 hakiendi popote, na moshi wake unaingia jikoni kwangu. Vichujio vya moshi vilianza kufungwa kwenye magari ya Marekani kwa wingi mwaka 1975. Hilo lenu halina, na California imeyasamehe kipimo cha moshi magari yote ya 1975 kurudi nyuma. Aliyesamehewa ni mwenye gari, mimi mwenye mapafu sikuulizwa.

FUNDI: Dada, magari haya ni machache mno barabarani, na mengi yanatembea siku za mapumziko tu. Lori moja la mizigo linalopita hapa kila siku linakuchafulia hewa kuliko mimi mwaka mzima.

JIRANI: Lori linaniletea unga na sabuni. Gari lako linakuletea wewe furaha. Usinihesabie moshi wa furaha yako pamoja na moshi wa unga wangu. Na moshi si mwisho wa habari. Mwaka 2009 taasisi ya bima ya usalama barabarani ya Marekani, IIHS, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, uso kwa uso upande wa dereva. Nilidhani chuma kizito cha zamani kingeshinda. Chumba cha Bel Air kilikunjamana, usukani ukamrudia dereva wa bandia, na wakaguzi wakasema mtu halisi angekufa. Wa Malibu angeumia kidogo mguuni. Sasa wewe, fundi, unasema wanao wanapanda.

FUNDI: Ndiyo maana nimeligeuza! Hapa dada ananisaidia mimi. Mustang ya 1965 ilitoka na pampu kuu ya breki yenye njia moja. Mpira mmoja wa breki ukipasuka kwenye gurudumu lolote, kanyagio linazama hadi sakafuni na magurudumu yote manne yanakosa breki. Sheria ya shirikisho ikaja baadaye kulazimisha njia mbili, ya mbele na ya nyuma kila moja na yake. Mikanda ya viti ikawa lazima kuanzia Januari 1968. Mzee anataka niache mauti mahali pake kwa sababu yalitoka kiwandani? Tena breki za diski za mbele Ford wenyewe waliziuza mwaka 1965 kwa anayetaka kuongeza pesa. Mimi nimeongeza, nimechelewa tu.

MHIFADHI: Breki nakuachia. Pampu ya njia mbili nakuachia pia, sijaenda mazishini kwa mtu nikasifu pampu yake ya asili. Lakini usimdanganye dada. Fungua buti la gari lako, inua zulia. Bati unalolikanyaga pale si sakafu, ni mgongo wa tangi la petroli. Tangi limedumbukizwa kwenye tundu la sakafu, likafungwa kwa skrubu pembeni. Kati yake na kiti cha nyuma wanapokaa watoto kuna ubao mwembamba wa kadibodi na kitambaa cha kiti. Diski zako zimebadilisha nini hapo? Umeongeza breki, sasa unakwenda kasi ambayo mwili wa gari haukuundiwa. Mimi wa breki za ngoma najua silaha niliyoshika, kwa hiyo natembea maili 45 na kuacha nafasi ya magari matano mbele yangu. Hofu yangu ni kifaa cha usalama ambacho wewe umekiondoa.

JIRANI: Kumbe hata ninyi wenyewe mnaogopa.

FUNDI: Nimeweka bamba la chuma kati ya tangi na kiti. Sikusema kwa sababu halionekani.

MHIFADHI: Kwa skrubu au kwa kuchomelea?

FUNDI: Skrubu, kwenye matundu ya zamani. Sijatoboa jipya. Nina kanuni yangu, mzee, ingawa hukuniuliza. Kila ninachokitoa nakiosha, nakipaka grisi, nakiweka kwenye boksi lenye maandishi. Atakayetaka kulirudisha lilivyokuwa, jioni tatu zinamtosha.

MHIFADHI: Hapo umesema neno la mtu mzima. Wenzako wangapi wanafanya hivyo? Mimi nimeona vitako vya betri vilivyokatwa kwa tupa ili redieta ya kisasa iingie, nimeona dashibodi zilizotobolewa kwa ajili ya spika. Na haya hutokea hasa nyumbani, ambako hakuna mwalimu. Mtu ananunua gari Ijumaa, Jumapili ameshika mashine ya kukatia chuma.

FUNDI: Na karakana za kulipia zenyewe zina malaika? Niwaambie Mustang zinaozea wapi. Chini ya kioo cha mbele kuna matundu ya kuingiza hewa, na chini ya matundu kuna mfereji wa bati usioonekana, umefungwa juu na chini. Majani yanaingia, yanakaa, yanaoza, bati linaliwa. Mwenye gari anaona zulia limelowa upande wa abiria, anadhani ni mpira wa kioo. Mimi kabla sijanunua Mustang yoyote ninaomba birika la maji. Namimina taratibu kwenye yale matundu, mwenzangu amelala chali chini ya dashibodi na tochi. Maji yakitoka pembeni nyuma ya matairi ya mbele, mfereji mzima. Yakimdondokea usoni, bei inashuka au tunaondoka. Kuutengeneza ni kutoboa alama za kuchomelea za kiwandani moja moja, kunyanyua bati la juu, kukata kilichooza, kuchomelea kipya na kufunika. Kazi hiyo karakana haiipendi, saa ni nyingi na mteja haoni kitu. Wapo wanaopaka lami juu na kukabidhi funguo. Anayeifanya vizuri ni mtu wa nyumbani, kwa sababu hajilipi kwa saa.

JIRANI: Na huyo mtu wa nyumbani anavaa nini usoni anapochomelea? Maana mume wangu naye amepata hamu. Nimesoma makopo yenu. Vumbi la viatu vya breki vya zamani lina asbesto, na ninyi mnalipuliza kwa pampu ya hewa. Kuna dawa za kusafishia breki zenye klorini ambazo zikipata moto wa kuchomelea hutoa gesi ya fosjini, ile iliyowaua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Rangi ya kuchanganya na kigumishi ina kemikali zinazomwachia mtu pumu ya maisha. Kaunti ya Sacramento, California, imeandika katika sheria zake kwamba mtaa wa makazi si mahali pa matengenezo makubwa ya gari, wala pa vifaa ambavyo kwa kawaida havikai nyumbani kwa mtu. Watu walicheka. Mimi sikucheka.

FUNDI: Mimi sheria hiyo inanikera, ila hatari ulizozitaja ni za kweli, dada. Viatu vya breki huvipulizi, unavilowesha maji ya sabuni na kufuta. Jeki ni ya kuinulia, stendi ndizo za kulalia chini yake. Mlango wa gereji uwe wazi injini inapowaka, maana ile gesi ya monoksidi ya kaboni haina harufu wala onyo. Na rangi sipigi nyumbani. Napeleka kwenye chumba chao chenye feni na vichujio. Kuchonga silinda napeleka. Mtu wa nyumbani mwenye akili anajua mpaka wake.

JIRANI: Mwenye akili. Asiye na akili naye ana uzio, na upande wa pili wa uzio wake kuna mtu kama mimi.

MHIFADHI: Dada ana haki yake hapo. Ila nirudi kwenye hili la kupeleka na kununua, kwa sababu limezidi mpaka. Leo unaweza kuagiza bodi nzima ya Mustang au ya Camaro ya 1967, bati jipya, haijawahi kuona mvua. Kampuni ya Dynacorn inazitengeneza. Unatia injini mpya, giaboksi mpya, viti vipya. Kisha unabandika kibamba cha namba cha gari lililokufa. Hilo gari ni la mwaka gani?

FUNDI: La mwaka wa kibamba halitakuwa, na anayelibandika anavunja sheria. Lakini bodi hizo ndizo zinazofanya gari lililooza nusu liokolewe badala ya kuuzwa kwa kilo. Na ukitaja uongo, mzee, tuutaje wote. Ibada yenu ya namba imezaa waongo wengi kuliko katalogi.

MHIFADHI: Hilo silikatai, maana nimewakamata mwenyewe. Kwenye V8 ndogo ya Chevrolet namba hupigwa mbele ya injini, upande wa kulia, kwenye kijukwaa kidogo chini ya ukingo wa kichwa cha silinda. Mashine ya kiwandani ilipolisawazisha jukwaa lile iliacha mistari myembamba sambamba, kama nywele zilizochanwa. Mtu akisugua namba ya zamani na kupiga mpya, mistari inapotea au inakwenda upande. Kioo cha kukuzia na taa ya pembeni vinatosha. Lakini mwongo wa namba anathibitisha kwamba ukweli wa namba una thamani. Hakuna anayeghushi kisicho na bei.

FUNDI: Bei, ndiyo! Umeifikia mwenyewe. Ukweli wenu una bei, basi unahifadhi vyenye bei tu. Mustang ya kawaida ya 1965 haikupigwa hata hiyo namba kwenye injini, walipiga zile za nguvu za farasi 271 peke yake. Nani basi anairudisha asili Ford ya milango minne yenye injini ya silinda sita, ile iliyowabeba walimu na makarani wa Ohio? Waamuzi wa maonyesho hawageuki kuitazama, na gharama ya kuirudisha inazidi bei yake mara mbili tatu. Inachinjwa vipuri viende kwenye gari la mnada. Lakini kijana mwenye pesa kidogo akiruhusiwa kuitia injini iliyotoka kwenye gari lililopata ajali, breki nzuri na mkanda, ataiokoa. Historia ya watu wa kawaida inaokolewa na sisi wachakachuaji.

MHIFADHI: Na ndani yake ikabaki nini cha hao walimu na makarani?

FUNDI: Mlango wanaoufungua, kioo wanachochungulia. Nikuulize nami: magari yenu ya maonyesho, yanayopimwa kwa alama 400 na AACA, klabu ya magari ya kale ya Marekani, yamebaki na nini? Rangi ya kiwandani siku zile ilikuwa na mabonde kama ganda la chungwa, milango ilipishana na bodi. Ninyi mnapiga rangi tabaka kwa tabaka mpaka mtu anajiona sura. Gari hilo halikuwahi kuwa hivyo hata siku moja ya maisha yake. Mimi nimeongeza breki, ninyi mmeongeza urembo, na wote tumelitoa lilipokuwa.

MHIFADHI: Kuna wanaofanya hivyo, na ndiyo maana AACA hiyohiyo ina kundi la magari ambayo hayajarudishwa kabisa, yanayosifiwa kwa makovu yake. Gari ni la asili mara moja tu. Sijawahi kusema tofauti na hilo.

FUNDI: Ulianza kwa kusema lirudishwe, sasa unasema lisirudishwe.

MHIFADHI: Nilisema lirudishwe likiharibika, na lisiguswe likiwa zima. Umesikia nusu, kama mtu anayesoma maagizo ya kipuri akiwa amekwisha kukifunga.

MRITHI: Mjomba, babu, shikamooni. Mmebishana mmemaliza gari lote, na hakuna aliyeniuliza mimi nitakayeachiwa. Mimi nasema injini itoke na iingie mota ya umeme. Ford wenyewe walianza kuuza mota ya namna hiyo mwaka 2021, nguvu za farasi 281, wakaionyesha ndani ya pikapu yao F-100 ya 1978. Chevrolet mwaka 2020 walifanya hivyo kwa Blazer ya 1977. Moshi wa dada umekwisha, kelele zimekwisha, bodi ya 1965 imebaki.

JIRANI: Hili ndilo la kwanza nililolisikia leo nikatabasamu.

FUNDI: Hapana, binti. Hapo umevuka. Breki ni breki, lakini ule mngurumo wa V8, ule mtikisiko unaoupata kwenye usukani ukisimama kwenye taa, ndio gari lenyewe. Ukiutoa huo umebaki na sanduku zuri.

MRITHI: Mjomba, si wewe uliyesema gari halikuundwa liwe ushahidi, liliundwa limpeleke mtu ufukweni? Litampeleka. Si wewe uliyesema kinachohesabika ni kutembea? Litatembea, na asubuhi ya baridi halitabembelezwa. Injini nitaipaka grisi na kuiweka kwenye boksi lenye maandishi, kama unavyofanya wewe. Kanuni yako nimeifuata yote. Kilichobaki ni kwamba wewe unapenda sauti.

MHIFADHI: Karibu upande wangu, fundi. Mpaka wako nilikuwa nausubiri.

FUNDI: Nina mpaka, sawa. Kila mtu anao. Hiyo haimaanishi kwamba wako ndio wa haki.

MRITHI: Babu, usicheke mapema. Gari lako la asili linakunywa nini? Petroli yenye risasi, ile iliyolainisha viti vya valvu, ilipigwa marufuku kwa magari ya barabarani Marekani tangu tarehe 1 Januari 1996, na dunia nzima imeiacha tangu 2021. Petroli ya leo ina spiriti ya mahindi sehemu 10 katika 100, inayotafuna mipira na diaframu za kabureta za zamani. Oili ya kisasa imepunguzwa zinki, ambayo kamshafti ya injini yako inaihitaji ili isilike. Wahandisi wa 1965 hawakuijua petroli hiyo wala oili hiyo. Umekwisha kubadilisha mipira, umeongeza dawa, umetia viti vigumu vya valvu. Asili yako ilikwisha kuondoka kwenye pampu ya petroli.

MHIFADHI: Yametupata, hatukuyachagua. Mtu aliyekatwa mguu hapaswi kulaumiwa kama aliyeukata mwenyewe.

MRITHI: Na siku petroli yenyewe itakapokuwa ngumu kupata, nalo litakuwa limetupata. Mimi nitakuwa na umri wako siku hiyo. Unaniambia nisubiri kulazimishwa ndipo iwe halali?

JIRANI: Mimi nitasema jambo ambalo hamkulitarajia. Mwanangu amejifunza kusoma mita ya umeme kwenye gereji hiyo ninayoilalamikia. Alikuwa hajui kushika spana. Nataka moshi uishe, lakini kukiwa na mota isiyofunguliwa na mtu, iliyofungwa kwa programu ya kampuni, atakaa pale afanye nini?

MRITHI: Atajifunza betri na nyaya za volti nyingi. Huo nao ni ufundi.

MHIFADHI: Ni ufundi, na ni mwingine. Binti, nikwambie kinachonifanya nisilale. Bati litabaki kwenye makumbusho, hilo halina wasiwasi. Ndani ya distribyuta ya V8 ile kuna pointi mbili, na mwanya wake ni inchi 0.017, haufiki nusu milimita. Unauweka kwa kijibamba cha kupimia. Kikikwama, umebana. Kikipita bila kugusa, umeachia. Kinatakiwa kipite na mkwaruzo mdogo ambao jicho halioni, kidole ndicho kinachousikia. Ukikaza skrubu mwanya unajisogeza wenyewe, kwa hiyo unajifunza kuukosea kidogo mapema ili skrubu ikimaliza uwe sawa. Kitabu kinatoa namba, hakitoi kidole. Walio na kidole hicho wanazidi kupungua. Fundi ameondoa pointi kwa sababu zinasumbua. Wewe utaondoa injini nzima kwa sababu inachafua. Kila mmoja ana sababu njema, na mwisho wa sababu zenu njema hakuna anayejua.

FUNDI: Pointi zinalika, mzee. Kila maili elfu kadhaa uko chini ya kofia ya distribyuta na kijibamba chako. Kujua kitu hakunilazimishi kuishi nacho.

MRITHI: Basi babu, nifundishe. Si kwamba umenishinda, mota bado naitaka. Sitaki tu kuja kuambiwa nimekitoa nisichokijua.

MHIFADHI: Ukishakijua hutakitoa.

FUNDI: Mimi nilikijua, mzee, na aliyenifundisha ni wewe. Nikakitoa.